Kigari, Kibebeo au Leso: Mtoto Mchanga Asafirije?

Mtoto anayezaliwa Embu au Meru huwa na safari zake zimeshapangwa kabla hata haijajulikana atarithi jina la nani. Ya kwanza ni kutoka wodi ya kina mama hadi nyumbani, mara nyingi siku ya pili ikiwa uzazi ulikuwa wa kawaida. Kisha kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinamwita kliniki kwa chanjo akitimiza wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katikati hapo kuna kanisa, kuna kwa shosho, na kuna siku ambazo mama lazima afike sokoni Gakoromone na hana wa kumwachia mtoto. Safari hizo zote zinaangukia ndani ya miezi minne ya kwanza, na miezi hiyo minne ndiyo ambayo shingo ya mtoto bado haijakaza.

Wazazi wengi wanaoniuliza kuhusu kigari au kibebeo huanza na rangi, kisha bei, kisha kile walichokiona kwa jirani. Kazi yangu ni tiba ya viungo kwa watoto, kwa hiyo macho yangu huenda kwingine: shingoni na nyongani. Kabla sijajibu lolote huwa nauliza mambo mawili. Mtoto ana umri na uzito gani? Na kutoka mlangoni kwenu hadi kwenye lami ni mwendo gani, na njia yenyewe huwaje mvua ikinyesha? Anayeishi gorofani mjini Embu na anayeishi kandokando ya mashamba ya chai ya Kianjokoma hawawezi kupewa jibu moja, hata kama walijifungua siku moja katika wodi moja.

Tuseme huna gari, na kwa hiyo huna kiti cha gari cha mtoto. Hiyo ndiyo hali ya familia nyingi huku kwetu, ila maduka hayauzi kwa kufikiria hivyo. Boksi kubwa linalowekwa mbele ya duka huwa na vitu vitatu pamoja: fremu ya kigari, kiti kidogo cha mtoto mchanga kinachonasa juu ya fremu au kufungwa kwenye gari, na kiti cha pili cha mtoto akishakua. Seti hiyo ilibuniwa kwa mzazi anayetoka sebuleni kuingia gereji, na kutoka gereji kuingia supamaketi. Kwa asiye na gari, sehemu iliyo ghali kuliko zote ndiyo asiyoihitaji. Ubaya unaanza muuzaji anapokubali kukupunguzia bei kwa kukitoa kile kiti kidogo. Unachobaki nacho ni fremu yenye kiti cha mtoto anayeweza kukaa, yaani wa miezi sita hivi. Ukimweka humo mtoto wa wiki mbili, ataporomoka na kidevu chake kitashukia kifuani.

Kidevu hicho ndicho kiini cha makala hii. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Kisogo kimetokeza nyuma, misuli ya shingo ni dhaifu, na njia ya hewa ni nyembamba na laini kama mrija wa kunywea soda: ikikunjika, hewa haipiti. Kidevu kikigusa kifua, njia hiyo hukunjika. Tena mtoto wa wiki chache hutegemea pua zaidi kupumua, na pua ikizibwa na nguo au na mwili wa aliyembeba, hajui haraka kuhamia kinywa. Mtu mzima angegeuka, angekohoa, angepiga kelele. Mtoto huyu hana nguvu ya kufanya hata moja kati ya hayo. Anaweza kukosa hewa kimya kimya huku mama akishukuru kwamba leo amelala vizuri.

Wamarekani walilipia somo hili. Machi 2010 tume yao ya usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu vibebeo vya mfuko, vile ambavyo mtoto hulala ndani yake akiwa amejikunja, mgongo umepinda na kichwa kimeinamia tumbo. Tume ilikuwa imetambua vifo visivyopungua 14 katika miaka 20, na 12 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto ambao hawajafikisha miezi minne. Wengi walikuwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, au mapacha wenye uzito mdogo, au waliokuwa na mafua. Mwezi huohuo kampuni ya Infantino iliitisha zaidi ya vibebeo milioni 1 virudishwe. Ukikuta mfuko wa namna hiyo kwenye mitumba, hata uwe msafi na wa bei ya kutupa, uache hapo hapo.

Mkao unaofaa kwa miezi minne ya kwanza ni mtoto kuwa wima mbele yako, kifua kwa kifua. Nguo iwe imekaza kiasi kwamba ukiinama kidogo, mkono wako ukiwa nyuma yake, haachani na mwili wako. Ukishusha macho uuone uso wake bila kufunua kitu. Paji lake liwe karibu kiasi cha wewe kulibusu bila kujinyoosha. Kati ya kidevu na kifua chake pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Nguo iishie shingoni na isipande kufunika kichwa, na magoti yake yawe juu kidogo kuliko makalio. Mama akishazoea, ukaguzi huo wote haumchukui muda wa kufunga viatu, na sharti aurudie kila anapoinuka kwenye kiti cha matatu au anapomaliza kunyonyesha, maana hapo ndipo watoto huteleza kuelekea chini.

Je, leso inatosha? Leso ina urefu wa mita 1.5 hivi na upana unaozidi mita 1 kidogo. Kwa mtoto mkubwa wa kubebwa mgongoni, hakuna chombo ninachokiheshimu zaidi. Mbele ni hadithi nyingine. Kwa akina mama wengi leso moja haitoshi kuzunguka mwili mara mbili, basi inafungwa begani, uzito wote unakaa upande mmoja, na baada ya nusu saa fundo limeshuka na mtoto ameshuka nalo. Zile za poliesta huteleza zaidi kuliko za pamba.

Ninachowaambia wazazi ni hiki. Nenda duka la vitambaa, nunua mita 5 za pamba iliyofumwa, nzito kiasi, isiyovutika, ya upana wa mita 1.5. Mpelekee fundi aipasue katikati kwa urefu na kukunja pindo. Utapata vitambaa viwili vya sentimita 70 na ushei kila kimoja. Kimoja chako, kingine cha kubadilisha mtoto akikitapikia, au cha dada yako anayetarajia. Gharama yake na ya fundi haikaribii bei ya kibebeo cha duka, na hakina bizimu ya kuvunjika.

Ukifunge hivi. Katikati ya kitambaa pakae juu ya kifua chako, pana, kama unavyofunga taulo ila juu zaidi. Ncha zote mbili zipite chini ya kwapa, zipishane mgongoni, zirudi mbele juu ya mabega zikining'inia. Hapo mbele umepata mfuko. Mwinue mtoto begani kwako, umshushe humo taratibu akiwa wima, umkalishe mpaka nguo ishike kutoka goti moja hadi la pili na kupanda juu hadi shingoni. Sasa vuta zile ncha, si kwa mkupuo bali ukunjo kwa ukunjo, kuanzia ule ulio karibu na shingo yako. Zikishakaza, zipishane chini ya makalio yake, zipite chini ya mapaja, uzifunge nyuma ya kiuno chako. Mara za kwanza fanya ukiwa umekaa kitandani, na kabla ya mtoto mwenyewe fanya na pakiti ya unga ya kilo 2 na ya sukari ya kilo 1 zikiwa zimefungwa pamoja kwenye taulo. Hizo ndizo kilo 3 za mtoto wa kawaida, na zikianguka utapoteza unga tu.

Baba naye ajizoeze kwa unga uleule. Najua wapo wanaoona haya kuonekana na mtoto kifuani pale Makutano, lakini mama aliyefanyiwa upasuaji hapaswi kuwekewa mkanda wala fundo juu ya kidonda kinachopona, na mtoto huyo lazima abebwe na mtu. Mwili wa baba una joto lilelile.

Vibebeo vya duka, vile vya mikanda na bizimu, si vibaya. Kasoro ni kwamba vingi vinanunuliwa bila kusomwa. Kwenye kila kimoja kumeshonwa kilebo kinachotaja uzito wa chini, na mara nyingi uzito huo ni kilo 3.2 au 3.5. Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.8, na huku kwetu wapo wengi, hajafikia hata kipimo cha kuanzia. Miguu yake haitafika ukingoni mwa kiti, au atazama ndani hadi pua. Baadhi ya vibebeo huwa na mto maalumu wa mtoto mchanga. Kama haupo kwenye boksi, usibuni wako kwa blanketi lililokunjwa, kwa sababu blanketi hujikunjua na kusukuma kichwa mbele. Na ile picha ya mtoto anayetazama mbele akicheka na dunia, puuza. Mkao huo husubiri mtoto wa miezi mitano au sita, mwenye shingo imara.

Kuhusu nyonga, nina habari njema kwa wanaodhani ubebaji wa nyumbani ni wa kishamba. Nyonga ya mtoto mchanga ni mfupa laini ndani ya kikombe ambacho bado kinajijenga, na hujengeka vizuri mapaja yakiwa yamepanuka na magoti yamekunjwa. Watu wanaofunga watoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja huwa na watoto wengi wenye nyonga zilizoteguka. Mwaka 2015 madaktari waliofanya kazi katika hospitali ya Beit CURE mjini Blantyre, Malawi, walichapisha kumbukumbu zao za miaka 10: watoto zaidi ya 40,000 walihudumiwa, na miongoni mwa maelfu waliofanyiwa upasuaji hapakuwa na hata mmoja aliyepasuliwa kwa ajili ya tatizo hilo la nyonga. Maelezo yao ni kwamba akina mama wa Malawi hubeba watoto wakiwa wamepanua miguu. Hivyo kinachotakiwa katika kibebeo cha duka ni kiti kipana kinachofika magotini, si kipande chembamba katikati ya mapaja kinachoacha miguu ikining'inia. Ila usimpanue mtoto wa siku tatu kwa nguvu. Miguu yake hujikunja yenyewe kama ilivyokuwa tumboni, wewe ishike tu ilivyo.

Historia yenyewe ina kichekesho chake. Kibebeo laini kilichoenea Marekani kwa jina la Snugli kilibuniwa na muuguzi Ann Moore, aliyekuwa amejitolea nchini Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwaona akina mama wakifanya kazi huku watoto wametulia migongoni mwao. Aliporudi kwao Colorado na kupata mtoto, alishindwa kufunga nguo kama walivyofunga wale akina mama, basi akamwomba mama yake amshonee chombo chenye mikanda. Hataza ilipatikana 1969. Leo kizazi cha chombo kile kinauzwa Meru kwa bei ya mbuzi, na mnunuzi anaamini amenunua cha kizungu.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au chini ya kilo 2.5, yuko katika fungu lake. Huyo asipelekwe dukani kutafutiwa kibebeo kabisa. Kinachomfaa ni matunzo ya kangaruu, yaliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 wakati hospitali moja ilipokuwa na watoto wengi na mashine chache za joto: mtoto akiwa na nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi, wima kati ya matiti, akifungwa kwa nguo. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa jirani Tanzania kwa watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri hali itulie kulipunguza vifo vya siku 28 za kwanza kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza yaanze mapema iwezekanavyo na yafanyike kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Wauguzi wa wodi watakuonyesha ufungaji wake na kukuambia lini uache. Wafuate wao, si mimi.

Kisha kuna mashali. Juni hadi Agosti ukungu wa Mlima Kenya hushuka hadi Nkubu na Runyenjes, na hapo mtoto huvikwa fulana, sweta, kofia, blanketi, shali, na shali la juu la kumtoa. Mapenzi ni mazuri, lakini mtoto aliye kifuani mwa mama tayari ana moto wa mwili wa pili. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Usimpime kwa viganja, maana viganja vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa sawa. Tia vidole nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, ondoa kitu kimoja. Vaa wewe koti kubwa juu yenu wote wawili, likiwa wazi juu. Na yule abiria mwema anayenyoosha mkono kumfunika mtoto uso "asipigwe na upepo", mshukuru kisha ufunue. Kwa wa Siakago na Ishiara hoja inageuka: huko adui ni jua, na kitambaa kizito cha pamba kitapaswa kubadilishwa kwa chepesi, safari ikifanywa asubuhi.

Sasa gari. Hakuna kibebeo wala kitambaa kinachochukua nafasi ya kiti cha gari, na sitaki mtu yeyote amalize makala hii akidhani nimesema hivyo. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 4 huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50. Hakuna mikono inayozuia hilo. Anayeijua barabara ya Maua hadi Embu, na magari ya miraa yanavyoiendea, na mteremko wa Nithi, hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo ikiwa kuna ndugu mwenye gari lenye kiti cha mtoto mchanga kisichowahi kupata ajali, siku ya kutoka hospitali ndiyo siku ya kumwomba.

Asipokuwepo, unachagua lenye madhara machache. Panda gari ambalo halijajaa, na kama uwezo upo lipia nafasi ya pili kuliko kubanwa kwenye kibao cha katikati. Probox yenye watu wanne kiti cha nyuma iache iende. Usikae mbele na dereva. Mkanda ufunge wewe, upite chini kwenye nyonga zako, chini ya mtoto. Usiupitishe juu yenu nyote wawili, kwa sababu gari likigonga uzito wako ndio utakaomponda kwenye mkanda. Matatu zimetakiwa kuwa na mikanda tangu kanuni za Waziri Michuki za 2004, na ukikuta umekatika una haki ya kudai kiti kingine. Pikipiki haina mahali pa mtoto mchanga. Akiwa kati yako na mgongo wa dereva, uso umezama kwenye jaketi lake na huwezi kuuona. Kama njia ya nyumbani ni ya bodaboda tu, mzigo upande boda, wewe na mtoto mtembee.

Nimekuja kwenye kigari mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kinachotamaniwa zaidi na kutumika kidogo zaidi. Udongo wetu mwekundu, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, hujaa kwenye magurudumu madogo ya plastiki mpaka yanaacha kuzunguka. Kile kigari chepesi kinachokunjika kimwavuli kilibuniwa 1965 na Owen Maclaren, Mwingereza aliyewahi kusanifu magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire, na mahali pake ni barabara za lami na viwanja vya ndege. Katika njia za Imenti kitakuwa mzigo wa kubeba juu ya mtoto wa kubeba. Lakini kwa anayeishi mjini penye njia ya kabro, au mwenye uwanja wa saruji na kazi ya kufanya hapo, au mwenye mapacha, kigari kinaokoa mgongo.

Cha mtoto mchanga lazima kilale. Viwango vya Ulaya vinataka pembe kati ya kiti na mgongo isipungue nyuzi 150 kwa kigari kinachosemwa kinafaa tangu kuzaliwa, na mimi nataka zaidi: tambarare kabisa, au kitanda cha kigari chenye godoro gumu la kukaa sawasawa pande zote. Muuzaji akikuambia "kinalala", mwambie akilaze. Weka pakiti mbili za unga kwenye sehemu ya kichwa, tikisa fremu, uone kama mgongo unashuka au kulabu zinateleza. Kisha kipeleke nje kwenye mteremko, na Meru mjini haikosi mteremko. Funga breki, kiachie. Kikisogea hata kiganja kimoja, rudisha. Mikanda iwe mitano: miwili ya mabega, miwili ya kiuno, mmoja wa katikati ya mapaja. Magurudumu ya mpira ya sentimita 20 kwenda juu hupita penye mawe, na yakiwa ya upepo fundi wa baiskeli atayaziba.

Ukinunua cha mitumba, na wengi tutanunua hicho, kazi kubwa iko kwenye maungio. Kikunje na kukikunjua mara kadhaa ukisikiliza. Kufuli ya pili ya fremu, ile inayozuia kisijikunje chenyewe, ndiyo huvunjika kwanza. Angalia bawaba za pembeni: Novemba 2009 vigari vya Maclaren takriban milioni 1 viliitishwa Marekani baada ya ripoti 12 za watoto kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba, na dawa ilikuwa vifuniko vya kuzifunika tu. Bawaba iliyo wazi ishonee kifuniko au ukatae kigari. Mifuko ya soko usiitundike kwenye mkono wa kusukumia. Mkungu wa ndizi nyuma na mtoto wa kilo 4 mbele, kigari kitaangukia ndizi zilipo. Shali nalo lisitandazwe kufunika mdomo wa kigari juani, maana ndani hupata joto haraka kuliko unavyodhani.

Kuhusu viti vya gari vya mitumba, kanuni yangu ni kali: kama hujui aliyekitumia, usinunue. Plastiki iliyopitia ajali hupasuka ndani bila kuonekana nje, na viti vingi huwa na tarehe ya mwisho iliyopigwa chini ya kiti. Ukikipata kizuri, kitumie garini tu. Mkishafika nyumbani, mtoto aliyelala atolewe alazwe chali kitandani kwake, kwa sababu kiti kile kikiwekwa sakafuni humlaza akiwa amejikunja, na walio chini ya miezi minne ndio walio hatarini zaidi.

Mtoto akikaribia miezi minne au mitano, mlaze kifudifudi juu ya blanketi ukiwa naye. Akiinua kichwa na kifua na kukaa hivyo akitazama huku na huku bila kuyumba, shingo imekaza, na leso ya shosho inaingia kazini. Mara za kwanza awepo mtu wa pili nyuma yako: wewe unainama hadi mgongo uwe tambarare, yeye anamlaza mtoto juu, miguu pande zote mbili za kiuno chako, anapitisha leso chini ya makalio kabla ya kukukabidhi ncha. Funga fundo juu ya matiti, si juu ya tumbo, na kabla ya kuinuka mwulize huyo msaidizi kama uso wa mtoto umegeukia pembeni na pua iko wazi. Jikoni mshushe. Sufuria ya ugali na moshi wa kuni humfikia hata akiwa mgongoni.